Yule wa Buluu Hakuwa na Hatia

Dada Leah,

Mwalimu wetu wa misheni alitufundisha kuanza barua kwa kuuliza hali. Hali yako naijua. Yangu ni hii: mtoto mgongoni anaota meno, mikono yangu inanuka samaki, na nimekukasirikia tangu Jumamosi bila kupumzika. Nimekukasirikia nikipika, nikifua, hata jana kanisani. Watu walipoanza wimbo nilifungua mdomo nikaufunga tena. Mume wangu ameniambia, "Wacha marehemu alale." Nimemjibu kwamba atalala nikishamaliza.

Naandika kwa Kiswahili kwa sababu ndivyo tulivyokuwa tukiandikiana ulipokuwa umeolewa Chebunyo na mimi niko huku kwenye chai. Barua zako zote ninazo ndani ya mkebe. Nimezisoma tena, moja baada ya nyingine, na hiyo ni sababu mojawapo ya hasira hii.

Nianze na samaki, maana kama si samaki nisingejua lolote.

Wiki ya pili baada ya mazishi yako, Memsabu aliniita nyumbani kwa meneja, mumewe. Alikuwa amesimama mbele ya lile sanduku la kioo la samaki, macho mekundu. Alikupenda, hilo nikuambie. Akasema, "Wewe ni ndugu ya Leah, basi unajua kazi yake." Nikasema ndiyo. Ningesemaje? Lakini sikujua. Nilijua kuwalisha, kufuta kioo, na kukata utambi wa ile taa ya mafuta inayokaa chini ya sanduku ili maji yasipoe, kwa sababu hizo ndizo kazi ulizoniachia ulipoanza kukohoa. Ulisema ni moshi wa taa. Miezi mitatu ya moshi, Leah, na mimi nikakuamini.

Mambo ya nani akae na nani ulibaki nayo wewe. Nilipokuuliza ulicheka. "Utaona mwenyewe, macho si unayo." Uliyafanya yaonekane ni siri ya ukoo. Hata mzee Okelo, yule mpishi, alikuwa akikutania: "Kwetu samaki huwekewa moto akishakufa. Nyinyi mnamwekea akiwa hai, tena mnamtafutia na majirani." Nawe ulimjibu kwamba jirani mbaya ni moto pia. Ulikuwa na jibu la kila mtu.

Walikuwa wamebaki wale samaki malaika watatu na yule mkubwa wa buluu. Malaika wa nne alikufa mwezi uleule uliokufa wewe. Unakumbuka mwalimu wa kanisa alivyokukemea kwa kuwaita malaika? Alisema malaika hawafugwi. Ukamwambia ni Memsabu aliyewapa jina hilo, aende amkemee yeye, na mzee wa watu akabaki akitazama viatu vyake. Basi Memsabu akaona sanduku limekuwa tupu mno. Samaki wageni wangetoka Nairobi kwa treni, lakini si mpaka baada ya mvua. Nikamwambia asihangaike, nitatafuta wenzao hapahapa.

Niliwaza kama mtoto wa wafugaji. Baba alikuwa akisema ng'ombe aliyepoteza mwenzake asiachwe peke yake, atakauka maziwa. Achanganywe na ndama, kwa sababu ndama hana pembe, hawezi kumuumiza mtu. Nikaona ni hivyohivyo. Nikamtuma Ruthi wangu pamoja na Chelangat wako na kikapu, waende kwenye kijito cha chini ya laini ya nyumba za wafanyakazi, pale tunapofulia. Wakarudi na samaki saba kwenye debe, wembamba, weupe kama bati jipya, kila mmoja na doa jeusi mkiani. Wazuri hasa. Nikawaacha kwanza maji yao yapate joto, nikawaingiza. Wakaanza kuzunguka pamoja, huku na huku, kama watoto waliotoka shule. Memsabu alipiga makofi. Nilijiona nimekushinda.

Baada ya wiki moja malaika walianza kuchakaa. Yale mapezi yao marefu, yanayoning'inia kama kitambaa cha bibi harusi, yalikuwa yamenyofolewa. Mmoja alikaa kwenye kona, kichwa chini, hataki chakula. Nikatafuta mkosaji. Nikamwona yule wa buluu. Mkubwa kama kiganja changu, mdomo mnene, uso wa mtu asiyetaka salamu. Alikuwa akihamisha mawe, Leah. Analiokota jiwe kwa mdomo, analitupa kule, anarudi kuchukua lingine, na yeyote aliyesogea karibu alisukumwa. Nikasema, ndiye huyu. Kwetu ng'ombe akipatikana na jeraha, nani anaanza kuuliza ndama? Watu humwendea fahali moja kwa moja.

Nilimtoa kwa ule wavu wako mdogo nikamtia ndani ya debe, nikaliweka stoo nyuma ya jikoni mpaka nijue la kumfanyia. Sikuweka taa. Kericho hii, msimu wa mvua ya mawe, sikuweka taa. Asubuhi nilimkuta amelala ubavu. Okelo alikuja akamtazama, akaniambia, "Mama Ruthi, huyu amekufa bila hata kusomewa mashtaka."

Nilidhani anatania tu.

Mapezi yaliendelea kuisha. Hapo ndipo niliposhtuka, na hapo ndipo maneno yako yalipokuja, yale uliyoniambia siku moja tukitoka kazini wawili, tumejifunika gunia moja, mvua ikitupiga, umenishika kiuno nisiteleze. Ulisema: "Usimwangalie samaki akiogelea. Akiogelea, kila mmoja ni mzuri. Mwangalie akila. Na mwangalie wakati mwenzake anakula." Nikavuta kigoda cha jikoni, nikaketi mbele ya kioo, mtoto kwenye titi, nikawatupia chakula na nisiondoke.

Walikuwa ni wale wadogo. Malaika anapanda polepole kwenye chakula, maana yeye hana haraka katika jambo lolote, na mdogo anamjia nyuma. Anauma kidogo, anakimbia. Wa pili anauma, anakimbia. Kila mmoja kipande cha kucha tu. Malaika anageuka kutafuta adui, na akigeuka wale saba wako mbali wanacheza, wasafi, hawajui neno. Kama yule wa buluu angekuwapo, jicho la malaika lingemwangukia yeye. Jicho langu ndilo lililomwangukia.

Na ile kazi yake ya mawe? Ulikuwa umeniambia pia, nikasikia kwa sikio moja. Alikuwa anasafisha mahali pa mayai. Alilinda kona yake, basi. Hakuwahi kumfuata mtu nje ya kona yake.

Nilirudisha wale wadogo kijitoni. Nilimweleza Memsabu ukweli wote, hata wa debe. Halafu akasema safari hii tutafanya kama Leah.

Mvua ilipopungua, dereva alienda Fort Ternan kupokea wageni kwenye treni. Alirudi na chupa kubwa mbili zimefungwa blanketi kama watoto wagonjwa. Nikafanya kama wewe. Kila mgeni nikamhamishia chupa yake ndogo, chupa inaning'inia ndani ya sanduku siku tatu, waonane bila kugusana. Siku ya kuwaachia nilihamisha mawe yote kwanza, ili hata wenyeji wajikute wageni, asiwepo wa kusema hapa ni pangu. Mambo hayo yote nilikuwa nimeyaona mikononi mwako bila kujua ninajifunza. Kulikuwa na wawili wenye mistari ambao Memsabu aliwapenda sana. Wakiwa ndani ya chupa tayari walikuwa wanaukimbilia mkia wa malaika na kugonga kioo. Nikasema hawa hapana. Memsabu akasema, "Lakini ni wadogo." Nikamwambia, "Memsabu, udogo nimeshauona." Akacheka, akawapeleka kwa rafiki yake.

Nilichagua wale kambare wadogo wenye sharubu, ambao wanafagia mchanga chini na hawana habari na mtu. Na watano wapana, wa ukubwa wa katikati, ambao hawaingii mdomoni mwa malaika. Unakumbuka wale wa mstari mwekundu na wa buluu, wembamba kama sindano, walioliwa wote kumi katika siku mbili? Memsabu akilia, nawe ukimfariji: "Kinachoingia mdomoni ni chakula, Memsabu, hata kwa malaika." Na mmoja mpya wa buluu pia tulimchukua, jike. Amekaa vizuri. Anahamisha mawe yake, nami namwacha.

Nilifurahi, Leah. Nilitamani uone. Mpaka Alhamisi iliyopita nilikuwa nikizungumza nawe kwa wema.

Alhamisi alikuja Mama Joel.

Mke mwenzako. Mke mkubwa. Nilikuwa kwenye kioo, Ruthi akaja mbio kuniita: kuna mama mkubwa sana mlangoni kwetu. Nikajua kabla hajamaliza. Huyo ndiye uliyeniandikia habari zake miaka minne. Jitu. Fahali la kike. Sauti yake kama jiwe la kusagia. Yeye ndiye aliyekufukuza, ulisema, ukatembea na Chelangat mgongoni kutoka Chebunyo mpaka mlangoni kwangu, miguu imevimba, nami sikuuliza swali hata moja. Nilikutandikia.

Na hospitalini, siku ya mwisho uliyokuwa na sauti, ulinishika mkono ukanifanya niape. "Chelangat asirudi kule. Kule chakula kina kitu. Apa, Tabitha." Nikaapa kwa jina la Mungu, mbele ya yule mama wa kitanda cha pili. Kwa ajili ya maneno hayo, siku tulipokuzika Chebunyo, Mama Joel aliponiletea kibuyu cha maziwa mbele ya waombolezaji wote, niliweka mikono nyuma. Nilimwacha na kibuyu chake mkononi. Wazee waliona. Watoto waliona. Yeye aliinama, akakiweka chini karibu na mguu wangu, akaenda zake. Nikaona huo ni ukiri wa mtu mwenye hatia.

Basi alikuja. Hakuja na wazee wala mumeo. Alikuja peke yake kwa miguu, na kibuyu na kuku mmoja. Alisema baba yake Chelangat anamuulizia mtoto, dada zake wanamuulizia, shule imefunguliwa karibu na nyumbani. Halafu akasema jambo ambalo sikulitegemea: "Sikuja kumchukua kwa nguvu. Nikirudi bila yeye nitasema hayuko tayari. Neno ni lako." Mvua ikaanza, mto ukajaa, hakuna wa kuvuka. Akalazimika kukaa.

Nami nikawaza, vyema. Siku tatu. Nitamwangalia akila.

Nilimwekea kigoda karibu na moto nikakaa mbele yake na sindano yangu ya kufuma, na macho yangu kwake, bila aibu. Nilikuwa natafuta lile ulilonionyesha. Kila akifungua mdomo nilingoja jino.

Alhamisi jioni alipika yeye, maana nilikuwa nimechelewa kazini. Alipogawa, alianza na watoto. Alimpa Chelangat kipande cha kuku kisicho na mfupa, na shingo akajiwekea yeye. Nikasema moyoni, anaigiza. Ijumaa asubuhi aligawa tena, ni vilevile. Ijumaa mchana nilirudi ghafla nikachungulia kwa nyuma ya nyumba, kama mwizi kwangu mwenyewe. Alikuwa amemweka Chelangat katikati ya magoti, anamsuka, na mtoto amesinzia.

Jumamosi akamimina maziwa ya kibuyu. Ruthi akanywa. Chelangat akashika kikombe, hakunywa. Akasema kwa sauti ile ndogo aliyoipata tangu ufe, "Mama alisema nisinywe ya Mama Joel."

Nilitazama uso wa yule mwanamke. Nilitaka kuona hasira. Kulikuwa na kitu, lakini kilipita. Akachukua kikombe cha mtoto, akanywa nusu, akafuta mdomo. "Haya. Sasa hesabu mpaka kumi. Kama bado nimekaa, na wewe unywe. Nikianguka, uyamwage." Chelangat akahesabu. Alipofika saba, Mama Joel akajilegeza kidogo upande mmoja, macho juu, na Chelangat akapiga kelele ya kicheko. Kicheko, Leah. Miezi minane sijakisikia kwa mtoto huyo. Akamaliza hesabu akanywa, akaomba mengine.

Nikatoka nje na yule mama. Nikamuuliza kwa nini alikufukuza.

Akasema, "Nani alinifundisha kusema vibaya juu ya aliyekufa? Muulize mwingine." Nikamwambia mwingine hayupo, na mimi nimeapa, nataka kujua niliapa nini. Ndipo akasema. Kwamba ulipofika kama mke wa pili alikupa shamba lake la karibu na maji. Kwamba kwa muda mliishi vizuri. Halafu kukaanza maneno mtoni, nyimbo kuhusu mwili wake, na wanawake wanacheka wakimwona. Alivumilia. Halafu watoto wake mwenyewe wakaanza kuogopa chungu chake. Ulikuwa umewanong'oneza kuwa anatia dawa. Wake za wazee wakakuita, wakakwambia, jambo hili ni kubwa, lisemwe wazi mbele ya watu au lifutwe. Asubuhi ya siku ile uliondoka. Alikufuata mpaka mtoni, anasema, akikuita urudi, mtoto atapata baridi. Uligeuka ukamtukana, ukavuka.

"Kwa nini hukusema haya kwenye mazishi?" nikamuuliza. Akasema, "Ungenisikia? Ulikuwa umeweka mikono nyuma."

Ningeweza kusema anadanganya. Nilitaka. Nikaingia ndani nikafungua mkebe. Leah, soma barua zako kama mimi nilivyozisoma. "Leo nimewaambia wanawake mtoni kwamba akiinama mbuzi hukosa jua, walicheka mpaka wakaangusha mitungi." Nami nilicheka nilipoipata, nikamsomea mume wangu. "Leo nimemwambia Joel mdogo achunguze ugali wake vizuri, ungeona macho yake." Mtoto wa miaka mitano. Kila barua kipande kidogo. Na katika barua zote ishirini na kitu, nimetafuta siku moja ambayo yeye alikutendea ubaya. Ameandikwa mkubwa, ameandikwa mzito, ameandikwa haongei. Basi. Hilo ndilo kosa lake, kwamba ni mkubwa.

Wewe ndiye uliyeweza kukaa mbele ya kioo saa nzima na kumjua mchokozi. Wewe ndiye uliyenifundisha. Ulijua! Huwezi kuniambia hukujua. Ulipokuwa ukiwatoa wachokozi kwa wavu wako na kuwaita wabaya, ulikuwa unawaza nini? Nakuuliza, na najua hutajibu, na hiyo pia inaniudhi. Umekufa ukiwa na neno la mwisho kama kawaida yako.

Na mbaya zaidi ni kiapo. Ningekusamehe nyimbo za mtoni. Vijana tulikuwa, midomo yetu ilikuwa mikali, na mke wa pili hana raha, najua. Lakini ulikuwa unakufa, na ulikuwa na pumzi chache, na ukazitumia kumfungia mtoto wako mlango wa kwao kwa uongo. Kwa nini? Uliogopa atakua amempenda yule? Au ulikuwa umeusema uongo muda mrefu mpaka ukauamini? Hilo la pili ningelipenda zaidi. Nimejaribu kuliamini tangu Jumamosi. Kuna saa nafaulu.

Sasa nikuambie la Chelangat, na unisikilize.

Chumba chetu cha laini unakijua. Sisi watano na yeye wa sita, na nguo za mvua zinaning'inia juu ya vichwa. Ruthi wangu, mtoto mpole yule, ameanza kumfinya Chelangat. Nilimpiga, nikamwonya, anaendelea, anamfinya chini ya blanketi. Nikamwona na Chelangat anaficha chakula nyuma ya pipa. Si ubaya wa mtoto yeyote. Ulisema mwenyewe: hata malaika, uwajaze kwenye maji kidogo, watageuka. Nami nimechoka, dada. Nafika nyumbani sina neno zuri lililobaki. Nilikuwa nampenda Chelangat kwa kelele, kwa kumsukuma aoge, kwa kumwambia ngoja, ngoja, ngoja.

Na bado sikutaka aende. Usidhani nilitafuta sababu ya kumpunguza. Ana kicheko chako. Ana namna yako ya kusimama na mguu mmoja juu ya mwingine. Nilimtaka abaki hata kama ananyauka kwangu, ili niwe na kitu chako. Jumapili nilikwenda naye kanisani nikiwa bado sijaamua, na Mama Joel nyuma yetu. Baada ya ibada nilisimama pale nje ambapo watu wanasalimiana, wapo hata watu wawili waliokuja Chebunyo kwenye mazishi. Nikamwomba Mama Joel kibuyu. Nikanywa kwa mikono miwili, mbele yao. Yeye alitazama pembeni, na mimi nikaona kwamba anajizuia kulia, na nikaona aibu kuliko nilivyowahi kuona maishani.

Jana mchana nilimuuliza Chelangat. Watoto hawaulizwi, lakini nilimuuliza. Akaniambia, "Mama Joel ananiambia kule kuna ndama ana jina langu." Nikasema huenda ni uongo. Akasema, "Nitaenda kuona."

Wamekwenda leo asubuhi. Mto umepungua. Nilimvisha gauni nililomfumia, na sweta ya Ruthi, ambayo Ruthi aliitoa mwenyewe huku analia. Nimewasindikiza mpaka mwisho wa chai. Mama Joel hakunishukuru kwa maneno mengi. Alisema shule zikifungwa atamleta, au niende. Halafu akasema kitu juu yako. Alisema, "Alikuwa anaimba vizuri. Nyumba ilikuwa kimya alipoondoka." Huyo ndiye uliyemwita jitu.

Kwa hiyo kiapo chako nimekivunja, Leah. Nimekivunja nikijua, nikiwa na akili zangu, na nitasimama nacho siku ya mwisho, tusimame wote wawili. Sikuombi msamaha.

Mtoto mgongoni ameamka sasa, lazima nimalize. Hasira haijaisha. Nilidhani nikiandika itaisha, na imepata umbo tu. Lakini nakupa kiapo kingine mahali pa kile. Chelangat atakua, na siku moja atanikalisha chini aniulize mama yake alikuwa mtu wa namna gani. Sitamwambia ulikuwa malaika. Nitamwambia ulinishika kiuno nisianguke kwenye mvua. Nitamwambia hakuna mtu katika chai hii yote aliyejua viumbe vya maji kama wewe, na kwamba ulimdhulumu mwanamke mwema kwa mdomo wako, na hukurudi kufuta ulichosema. Akitaka kukukasirikia, nitamwacha akasirike. Na akishamaliza, nitamwambia kwamba mimi pia nilikasirika hivyo, na kwamba hata siku ile ya hasira kuliko zote nilikaa nikakuandikia kurasa sita.

Lala basi.

Mdogo wako,
Tabitha